Glasi za Meza Kuu

Wiki iliyopita tulimzika Spesioza. Nilikaa mkekani pamoja na akina mama wengine wa Nyakato, nikaimba pale palipotakiwa kuimba, na kabla jeneza halijatolewa ndani binti yake mkubwa akaja kuchuchumaa mbele yangu. "Shikamoo mama mkubwa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelia hadi akachoka. Nikamwitikia, nikampa pole. Akaniambia kwamba kwenye ratiba wameweka neno la marafiki, na ndugu wote wameona mtu wa kulisema ni mimi, kwa kuwa mama yao alikuwa akinitaja sana, mimi na ile biashara yetu ya glasi. Nikamjibu kwamba koo linaniuma. Halikuwa linauma. Akasimama mwanamke mwingine, wa jumuiya ya kanisani, akasema Spesioza alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na wote tukaitikia kwamba ni kweli. Hata mimi niliitikia, maana ni kweli. Baadaye vijana wakapitisha maji, yale ya chupa za plastiki, kila mtu na yake. Nikawatazama nikawaza kwamba hawajui kuwa ulikuwepo wakati, katika mji huu huu wa Mwanza, ambapo mtu hakuweza kuoza binti wala kubatiza mtoto wala kumpokea paroko bila kwanza kupiga hodi mlangoni kwetu kuuliza kama glasi zipo.

Neno la marafiki sikulisema pale. Nitalisema hapa, na nitalisema lote.

Mwaka glasi zilipotujia nilikuwa kijana, mke wa Deogratias, ambaye kila mtu alimwita Deo. Tulifunga ndoa kanisani kule kwetu Musoma, akanileta Nyakato, tukapanga vyumba viwili katika nyumba ndefu yenye ua katikati. Deo alikuwa wakala wa kiwanda cha minofu ya sangara. Kazi yake ilikuwa kuzunguka visiwani na kwenye mialo kununua samaki, kwa hiyo wiki moja alikuwa nyumbani na nyingine yuko majini. Chumba kilichotazamana na changu alikaa Spesioza, mwanamke mnene kidogo wa Bukoba, muuza maandazi, mwenye watoto wawili na mume aliyekwisha kwenda zake. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejifungua mtoto asiye na uhai. Deo alikuwa ziwani. Spesioza ndiye aliyekaa nami hospitali, ndiye aliyemfunga yule mtoto kwenye kanga yake mwenyewe na kwenda kumzika pamoja na wazee wawili wa jumuiya, kwa sababu mimi sikuweza kusimama. Aliporudi alinipikia uji, akanilisha kwa kijiko. Nalitaja hili mapema ili ijulikane huyu mtu alikuwa nani kwangu. Ndugu zangu walikuwa mbali. Nilikuwa na yeye.

Glasi zilitujia kwa njia ya Deo. Lazima nieleze kwamba wakati wa shida, kabla maduka hayajajaa, watu tulinywea chochote. Tulinywea vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, tulinywea chupa za jemu zilizooshwa hadi karatasi ikatoka, na kwa akina mama wenye ufundi tulinywea bilauri zilizotokana na chupa za bia: unafunga uzi uliolowa mafuta ya taa shingoni mwa chupa, unauwasha, unaitumbukiza kwenye maji baridi, shingo inakatika, halafu unasugua ukingo kwenye jiwe mpaka usikate mdomo. Mgeni wa heshima alipewa ile iliyosuguliwa vizuri. Halafu biashara ikafunguliwa, na magari yaliyopeleka minofu Nairobi yakawa hayarudi matupu. Siku moja Deo akashusha maboksi mbele ya nyumba, akatuita mimi na Spesioza, akafungua moja kwa kisu. Zilikuwa ndani ya majani makavu kama mayai. Spesioza akatoa moja, akaipiga ukingoni kwa kucha, ikalia, na ule mlio ukakaa hewani muda mrefu. "Jamani Redempta," akasema, "inaimba."

Hatukujua majina yake. Boksi lilikuwa na picha na maandishi tusiyoyaelewa, kwa hiyo tukazipa majina yetu. Zile ndefu nyembamba, za mvinyo wa mapovu, tuliziita filimbi. Zile fupi nzito zenye kitako kinene, ambazo wanaume wa pombe kali wanapenda kuzizungusha mkononi, tuliziita mawe. Ilikuwepo moja yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ya brandi, na hiyo Spesioza aliiita mjamzito, kisha akashika mdomo wake akanitazama, na mimi nikacheka ili asijisikie vibaya. Zilikuwepo bilauri ndefu za juisi zilizochorwa vipande vya chungwa, ambazo rangi yake ilikuwa inatoka ukizisugua, na zile nene za chai zenye mifereji ubavuni ambazo zilianguka sakafuni zikaruka zisife. Na juu ya zote zilikuwepo glasi za mguu mrefu, nyepesi kiasi kwamba ukiishika unaogopa vidole vyako mwenyewe. Hizo hazikwenda kwa wageni wa kawaida. Tulizitoa kwa maharusi, wazazi wao na paroko tu. Tuliziita glasi za meza kuu.

Kazi tuliigawana bila kikao. Spesioza alikuwa na mdomo, basi yeye alitafuta wateja, akapeleka vyombo, akasimamia shughuli na kuvirudisha. Mimi nilikuwa na mikono. Nilikaa ukumbini kwangu na mabeseni mawili, moja la maji ya moto na sabuni, jingine la kusuuzia nililolikamulia limau, nikaosha moja moja, nikakausha kwa kanga kuukuu kwa sababu kanga mpya inaacha nyuzi, halafu nikainyanyua kila moja dirishani kutazama kama mwanga unapita bila kukwama. Baada ya hapo niliziviringisha kwenye magazeti na kuzipanga ndani ya kreti za soda, kila moja na chumba chake. Nilipenda kazi ile. Kwenye ukingo wa glasi unajua mambo mengi: nani alipaka rangi ya mdomo, nani alikunywa nusu akaacha, nani alikuwa na hasira akauma. Jioni Spesioza alikaanga mapanki uani, yale mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka, tukala na ugali kwa mkono kutoka sahani moja, huku akiniigiza akina mama wa sherehe wanavyoinua glasi wakiwa hawajui waishike wapi. Deo akiwa nyumbani alikaa nasi, akacheka. Ninazitafuta jioni zile hadi leo nione kama kulikuwa na kitu usoni mwao. Sikioni. Huenda hapakuwa na kitu, mwanzoni.

Baada ya Krismasi ikaja oda ya Nansio. Spesioza alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. Alisema kuna mzee huko Ukerewe, katekista, anapokea mahari ya binti yake na anataka glasi za mguu kwa ajili ya wageni, kwa kuwa mkwe ni mtu wa mjini. Nikamfungashia. Alipanda meli, akakaa siku kadhaa, akarudi amenyauka. Alisema ni mawimbi. Hakula. Nikampikia uji, nikaketi kitandani kwake kama yeye alivyoketi kwangu, nikamuuliza sherehe ilikuwaje.

"Ilikuwa nzuri."

"Na bwana harusi ni mtu gani?"

"Mtu wa samaki."

"Mzee?"

"Mtu wa kawaida tu, Redempta. Acha nilale."

Nikaenda kuosha glasi. Zilikuwa zinanata juisi ya mananasi, na nyingine zilikuwa na mvinyo uliokaukia chini, mwekundu, ambao ilibidi niuloweke. Niliziosha zote vizuri, nikaimba. Nimesamehe vitu vingi katika maisha yangu, lakini kuimba kule bado hakujanitoka.

Mwaka ukaendelea. Spesioza akawa mwema kwangu kupita kiasi. Akienda sokoni ananiletea parachichi, akipita mjini ananiletea mafuta ya nywele. Mara moja nilikuwa nimelala na homa, wakadhani nimesinzia, nikawasikia yeye na Deo wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Spesioza alisema, "Mpaka lini, shemeji? Mimi siwezi." Deo akajibu, "Vumilia. Bila mimi hizo glasi utazipata wapi?" Nikafikiri wanazungumzia boksi jipya ambalo Deo alikuwa ameahidi kulileta na akachelewa. Nilipopona nikamgombeza Deo kwa kumsumbua rafiki yangu. Akaniangalia, akasema, "Haya mama, yataisha."

Mwishoni mwa mwaka yule katekista wa Nansio akaomba tena. Safari hii ulikuwa ubatizo wa mjukuu wake, na akaomba glasi za kila aina. Wiki hiyo hiyo Deo akaniambia anavuka Busisi kwenda Sengerema, kuna mkutano na mabwana wa kiwanda, nimpigie pasi koti la suti. Nikalipiga. Jumamosi Spesioza akaondoka na meli, wapagazi wakiwa wamembebea kreti. Jioni nilipofagia ukumbi nikaona kreti moja imebaki nyuma ya mlango. Nikaifunua. Ilikuwa ya glasi za meza kuu. Nikajisemea, maskini Spesioza, ataaibika mbele ya paroko wa watu. Jumapili alfajiri nikajifunga kitenge changu kizuri, nikaibeba mwenyewe mpaka bandarini. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwa sababu ya kumpenda.

Njia nzima niliipakata ile kreti mapajani, kwa kuwa chini palikuwa na majimaji na magunia ya watu. Nilishuka Nansio jua likiwa kali, nikamuuliza mwenye baiskeli kwa Mzee Masatu katekista ni wapi, akaniambia ndiko wote wanakokwenda, akanifungia kreti nyuma. Nyumba ilikuwa ya matofali, na mbele yake limefungwa turubai la buluu lililopambwa kwa matawi ya maua. Watu wote walikuwa bado kanisani isipokuwa wapishi. Shangazi wa mama wa mtoto, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe, alinipokea kwa mikono miwili. "Kalibu mwanangu, kalibu. Wewe ni wa glasi? Mwenzako amehangaika tangu jana, anasema zile nzuri zimesahaulika. Sasa hivi naye yuko kanisani." Alikuwa Mkerewe wa kale, r na l kwake zilibadilishana viti mara kwa mara. Akanipa kigoda, akanipa wali na sato wa kuchemsha, akakaa karibu yangu kunisaidia kufungua magazeti.

Tulikausha pamoja, na alipokuwa anakausha alisimulia. Alisema binti yao Agripina amepata bahati, mume ni mtu mtulivu, ila alikuwa na msiba mzito. "Alifiwa na mke huko Mwanza. Kwenye uzazi. Mama na mtoto, wote wawili."

"Maskini," nikasema.

"Kaka yangu alikuwa na shaka mpaka siku ya mahari. Si unajua, yeye ni katekista, hawezi kumtoa mtoto kwa mtu mwenye ndoa. Akasema, nitajuaje kama mke amekufa kweli? Ndipo mwenzako huyu alipokuja na glasi siku ile ya mahari, tukamuuliza, wewe unakaa Mwanza, unamfahamu huyu bwana? Kumbe ni jirani yake! Kumbe alikuwepo mazishini! Alitusimulia mwanangu, akalia, na sisi tukalia. Kaka yangu akasema basi, machozi yale si ya uongo."

Sijui nielezeje kwamba hata hapo sikujua. Mtu huwezi kujitambua ndani ya habari za marehemu. Nilimwonea huruma yule mwanamke wa Mwanza. Nilifikiri, kumbe Spesioza alimpoteza jirani mwingine kabla hatujafahamiana, na hakuwahi kuniambia. Nikasema, "Mungu amrehemu," na shangazi akasema, "Amina."

Watu wakarudi kutoka kanisani kwa nyimbo na vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, namimina mvinyo na juisi kwenye glasi za meza kuu na kuzipanga juu ya trei. Nilisikia viti vikivutwa, nikamsikia mzee mwenye sauti nzito akikaribisha wageni. Shangazi akanijia mbio, "Haya mwanangu, peleka, wanataka kumwinulia mtoto." Nikainua trei, nikapita kando ya nyumba, nikaingia chini ya turubai wakati Mzee Masatu yuko katikati ya maneno yake.

"...mkwe wetu alikuja hapa akiwa na jeraha. Na sisi kwa mila zetu marehemu hatumwachi nje, hatutaki mtoto wetu aamshwe usiku na mtu aliyesahauliwa. Ndiyo maana leo kanisani mjukuu wangu amepewa jina la yule mama aliyetangulia. Mtoto huyu anaitwa Ledempta."

Alilitamka kwa l, na ule muda mdogo wa kuigeuza l kuwa r ndio muda wa mwisho niliokuwa nao wa kutokujua. Nilinyanyua macho. Kulia kwa mzee alikuwa amekaa Deo, ndani ya koti nililolipiga pasi. Kando yake msichana mzuri, mpole wa uso, amembeba mtoto mwenye gauni jeupe. Pembeni, karibu na kreti za soda, alisimama Spesioza na kopo la barafu mkononi.

Niliowahi kuwasimulia kisa hiki hudhani trei ilianguka. Haikuanguka. Mikono yangu ilikuwa imezoea glasi zile. Nilitembea mpaka meza kuu, nikampa mzee ya kwake, nikampa mama mkwe, nikampa Agripina akasema asante dada kwa adabu kabisa, nikafika kwa Deo. Alikuwa amebadilika rangi. Nilimngoja aseme jina langu. Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusimama, kukimbia, hata kunipiga, na chochote kati ya hivyo kingekuwa ni kukubali kwamba nipo. Akaichukua glasi akiishika ule mguu mrefu, akasema, "Asante, dada."

Wakamwinulia mtoto, wakanywa. Shangazi, aliyekuwa amefurahi kuliko wote, akanishika mkono kabla sijaondoka. "Huyu dada wa glasi tangu mchana tuko naye, hata jina hatujamuuliza! Unaitwa nani, mwanangu?"

"Naitwa Redempta," nikasema.

Kelele zilizopigwa pale, Mungu wangu. Vigelegele, makofi. "Somo! Somo wa mtoto!" Walichukulia kufanana kwa majina yetu kama baraka iliyotumwa kwa meli. Mtu akaniondolea trei, na kabla sijajua nakataaje mtoto akawekwa mikononi mwangu. Alikuwa wa moto, mzito, ananuka maziwa na poda. Sikuwahi kumbeba wa kwangu. Alifungua macho akanitazama, na nilipoinua uso nikaona Agripina hanitazami mimi wala mtoto. Anamtazama Deo.

Mzee Masatu, akiwa bado anatabasamu, akauliza, "Ledempta wa wapi, binti yangu?"

"Wa Musoma, baba. Nimeolewa Mwanza, Nyakato."

"Nyakato! Alikokaa marehemu. Umeolewa na nani?"

Deo alikuwa anatazama ndani ya glasi yake. Niligeuka nikamtafuta Spesioza, na macho yetu yakakutana, akatikisa kichwa polepole, akiniomba. Mpaka leo nauona ule mtikiso. Aliniomba nikae kimya mimi, niliyekuwa marehemu wake.

"Mwulizeni dada Spesioza," nikasema. "Ndiye aliyenizika."

Shangazi alisema kitu kwa Kikerewe, kifupi, kama mtu aliyejichoma. Mzee akakaa chini. Nilimrudisha mtoto kwa mama yake, nikamwekea kichwa vizuri kwenye kiwiko, nikatoka chini ya turubai nikashika njia ya bandarini kwa miguu. Sikuchukua chombo hata kimoja.

Spesioza alinikuta melini. Alikuja peke yake, kilemba kimefunguka, akakaa mbele yangu juu ya gunia la mihogo. Halafu nikamuuliza, si kwa ukali, kwa kuwa nilitaka kweli kujua.

"Kwa nini uliniua?"

"Sikupanga, Redempta. Nilipofika na zile glasi za mahari nikamkuta Deo amekaa kwenye kiti cha mkwe. Kabla sijafanya lolote yule mzee akaniuliza mbele ya watu wote, unamjua huyu, mkewe amekufa kweli? Deo akaniangalia. Nikaona watoto wangu, nikaona tunarudi kuuza maandazi. Nikasema ndiyo."

"Ungeishia hapo kwenye ndiyo."

"Waliuliza alizikwaje."

"Na ukawaambia."

"Niliwaambia nilivyomzika mwanao," akasema. "Ile kanga, ile mvua, wale wazee wawili. Nikakuweka na wewe mle ndani. Na nilipokuwa nasimulia nilikuona, nikalia kweli. Sikuigiza. Nililia kama umekufa."

Alidhani hilo litanifariji. Aliliweka mbele yangu kama mtu anayetoa kitu chake cha thamani, na akangoja. Uongo wa kawaida ningeubeba. Waume za watu wengi wana nyumba mbili, nilikuwa ninawajua majirani wa namna hiyo na nilikuwa nimewaona wakiendelea kuishi. Lakini mazishi ya mwanangu yalikuwa yetu wawili tu, mimi na yeye. Mimi sikuyaona. Niliyajua kwa mdomo wake, jioni ile ya uji, na nilikuwa nimeyatunza neno kwa neno. Yeye aliyachukua akayatumia. Nilihama kiti, nikaenda kukaa upande wa mashine ambako kelele zilizuia mazungumzo, na huko ndiko nilikolia.

Deo hakurudi Nyakato. Alimtuma mtu kuchukua nguo, na baada ya muda nikasikia yuko Kigoma, ananunua samaki wa ziwa jingine. Spesioza alikaa chumba kile kinachotazamana na changu kwa wiki chache zaidi. Asubuhi alinisalimia, nami nilimwitikia, maana ua ulikuwa mmoja na bomba lilikuwa moja. Siku moja aliniachia bakuli la mapanki mlangoni. Nikalirudisha mlangoni kwake likiwa limefunikwa vile vile. Baadaye akahamia upande mwingine wa Nyakato, akafungua mgahawa, akafanikiwa. Tulikutana misibani na harusini kwa miaka yote hii, tukapeana mikono, akawaambia wanawe mimi ni rafiki yake. Sikumkanusha. Sijui kama alikuwa anasema uongo.

Agripina alikuja katikati ya mwaka uliofuata. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta amesimama na mtoto mgongoni na mfuko wa nailoni mkononi, amekonda. Alinisalimia kwa shikamoo ingawa tulikaribia kulingana umri. Nikamkaribisha ndani. Aliketi ukingoni mwa kochi, akatazama ile sehemu tupu ambapo zamani kreti zilipangwa, akasema zile glasi baba yake alikataa zisilale nyumbani mwake. Zilibebwa zikaachwa bandarini, na watu wakajigawia. Nikamwambia sawa.

"Baba aliniambia nisije," akasema. "Lakini nilitaka nikuone ukiwa hai. Nilikuwa nakuombea, dada. Kila Jumatatu, pamoja na marehemu wetu. Nilikuwa nakuomba usinichukie kwa kuolewa na mume wako."

Nilimpikia ugali na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, tukala. Alikula taratibu kama mtu aliyesahau njaa inakuwaje. Mtoto alitambaa mkekani, akashika mguu wa meza, akajivuta akasimama, akaanguka kwa makalio, akacheka. Agripina alimtazama mpaka chakula chake kikapoa.

"Kuna jambo limenileta," akasema. "Nyumbani wameacha kumwita kwa jina lake. Wanasema huyu mtoto, yule mtoto. Padri amesema kanisani jina halifutiki, lakini la nyumbani tunaweza kumwita vyovyote. Mimi nimelizoea. Ndilo nililomwimbia. Nikasema siwezi kuamua bila kukuuliza wewe mwenyewe. Nimwachie?"

Niliona anavyotaka niseme ndiyo. Lingekuwa jambo zuri kulisema, na wanawake niliowasimulia wengi hutegemea kwamba nililisema. Mtoto alikuwa hana kosa, mama yake alikuwa hana kosa, na walikuwa wamevuka maji yale yote kuja kuniuliza. Lakini mwaka ule kila mtu alikuwa amechukua kitu changu na kukitumia bila kuniuliza, na huyu alikuwa wa kwanza kuuliza, kwa hiyo nilimjibu ukweli.

"Mbadilishie," nikamwambia. "Mimi bado nalitumia."

Aliinamisha kichwa, akasema amenielewa. Alimfunga mtoto mgongoni, nikamsindikiza mpaka barabarani, na tulipokuwa tunangoja gari la kwenda bandarini akaanza kumwita kwa majina mbalimbali, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo juu ya bega lake, akisikiliza ataitikia lipi.